Jinsi ya Kuwatunuku Wahitimu Mashuhuri wa Chama cha Udugu cha Chuo: Mwongozo kwa Kamati Mpya

Kila mwaka, vyuo vya Marekani vinapofunguliwa mwezi Agosti, napokea maswali yaleyale kutoka kwa vijana wa Afrika Mashariki waliojiunga na vyama vya udugu huku na kukabidhiwa kamati ya tuzo kabla hawajazoea hata majina ya wanachama wenzao. Wanauliza tumchague nani, tumwandikie nini, fedha za ngao zitoke wapi, na itakuwaje ikiwa mzee mwenyewe yuko Nairobi au Dar es Salaam. Nimehudumu katika kamati ya namna hii kwa misimu kadhaa, na nimeona ni vyema majibu yakae mahali pamoja, kwa lugha yetu, ili atakayekabidhiwa kazi hii mwakani asianze gizani.

Kwa asiyevifahamu vyama hivi, ni vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Desturi ya majina hayo ilianza na Phi Beta Kappa, iliyoasisiwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia. Mimi navifahamu zaidi vyama vilivyoasisiwa na Wamarekani Weusi: Alpha Phi Alpha katika chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, kisha Omega Psi Phi mwaka 1911 na Phi Beta Sigma mwaka 1914, vyote viwili katika chuo kikuu cha Howard, Washington. Katika vyama hivi uanachama haukomi siku ya mahafali, kwa kuwa mhitimu huhamia tawi la wahitimu na kuendelea kuitwa ndugu mpaka mwisho wa maisha yake. Sisi tuliokua tukisikia neno hilo likitangulia majina ya watu mikutanoni na katika barua hatuhitaji kufafanuliwa uzito wake. Unapomtunuku mhitimu, basi, hukaribishi mgeni wa heshima kutoka nje. Unamwita mtu wa nyumbani asimame ili wadogo zake wamjue.

Jambo moja nitalirudia katika mwongozo huu mpaka ulichoke: heshima ya mtunukiwa imo katika maneno ya kweli yanayosomwa juu yake mbele ya watu. Kamati ikiyahakiki na kuyaandika vizuri maneno hayo, ukumbi mdogo na chakula cha kawaida havitaiharibu sherehe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Katiba ya tawi na kanuni za makao makuu kuhusu tuzo, kwa sababu vyama vingi vina tuzo za kitaifa ambazo tawi haliruhusiwi kuziiga kwa jina wala kwa nembo.
- Daftari la uanachama la tawi, lenye tarehe ambazo wanachama waliapishwa.
- Kamati ya watu watano au saba, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ambayo ndani yake yumo angalau mzee mmoja anayekumbuka historia ya tawi na angalau mwanafunzi mmoja ambaye bado yuko darasani.
- Bajeti iliyopitishwa na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Ahadi ya mdomo ya mtu mwenye nia njema isihesabiwe kuwa bajeti.
- Muda wa miezi sita. Mitatu inawezekana, lakini kazi ya uhakiki ndiyo itakayobanwa, na hiyo ndiyo isiyofaa kubanwa.

Hatua za kufuata

1. Andikeni vigezo kabla jina lolote halijatajwa. Kaeni kikao kimoja ambacho hakuna anayeruhusiwa kutaja mtu, mwandike kwa sentensi tatu au nne tuzo hii ni ya nini: je, ni ya utumishi kwa jamii, ya mafanikio ya kitaaluma, au ya kazi aliyoifanyia tawi lenyewe? Amueni pia kama ni lazima mhusika awe ameapishwa katika tawi lenu au inatosha awe mwanachama wa chama popote pale. Swali hili linaonekana dogo mpaka siku mtakapolihitaji. Martin Luther King Jr. aliapishwa Alpha Phi Alpha mwaka 1952 katika tawi la Boston, wakati akisomea shahada ya uzamivu huko, na si Atlanta alikozaliwa na kusoma chuo cha kwanza. Kama vigezo havisemi lolote, matawi mawili yanaweza kumdai mtu mmoja kwa haki sawa. Kosa kubwa la kamati changa ni kuanza na mtu maarufu kisha kushona vigezo vya kumtosha, na wanachama hulitambua mara moja.

2. Chagueni siku, pamoja na siku ya akiba. Siku zinazofaa ni mbili: wikendi ya msimu wa mpira ambapo wahitimu hurejea chuoni, au siku ya kuasisiwa chama, ambayo kwa Alpha Phi Alpha ni tarehe 4 Desemba, kwa Omega Psi Phi tarehe 17 Novemba na kwa Phi Beta Sigma tarehe 9 Januari. Wikendi ya chuo huleta watu wengi lakini hoteli hujaa mapema na kelele za mpira huimeza sherehe. Siku ya waasisi huleta watu wachache wenye utulivu, na mimi huipendekeza hiyo. Kuhusu siku ya akiba, kumbukeni kwamba hata uzinduzi wa mnara wa kumbukumbu ya King mjini Washington, uliopangwa tarehe 28 Agosti 2011, uliahirishwa kwa sababu ya kimbunga Irene na kufanyika tarehe 16 Oktoba. Tawi lenu litakutana na theluji ya Januari siku moja.

3. Pokeeni mapendekezo kwa maandishi. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina kamili, tawi na mwaka wa kuapishwa, mambo matatu aliyoyafanya yanayoweza kuthibitishwa, na majina ya watu wawili wanaoyajua mambo hayo. Wekeni tarehe ya mwisho na muiheshimu hata anayechelewa akiwa rais wa zamani wa tawi.

4. Hakikini kila kitu, hata mnachokijua. Hapa ndipo nawaomba mtumie nusu ya nguvu zenu. Kwanza thibitisheni uanachama kwa makao makuu, kwa sababu orodha za watu maarufu zinazozunguka mitandaoni huchanganya walioapishwa wakiwa wanafunzi na waliopewa uanachama wa heshima baadaye, na wakati mwingine huwataja watu ambao hawakuwahi kuwa wanachama. Pili thibitisheni shahada kupitia ofisi ya msajili wa chuo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya kumbukumbu za wanafunzi huviruhusu vyuo vingi kusema kama mtu alihitimu na lini, lakini alama na taarifa nyingine za masomo hazitolewi bila ridhaa yake, kwa hiyo msiziombe. Tatu, ulizeni kuhusu mwenendo, hususan kama jina lake liliwahi kuhusishwa na unyanyasaji wa wanachama wapya. Vijana wamepoteza maisha kwa mateso ya kuingizwa katika vyama hivi, na mwezi Desemba 2024 ilitiwa saini sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza matukio hayo hadharani. Tawi linalomsimamisha jukwaani mtu aliyewatesa wadogo zake linawaambia wanafunzi waliokaa ukumbini kwamba mateso ni njia mojawapo ya kufika jukwaani.

5. Pigeni kura ya siri. Mjumbe mwenye undugu wa damu au biashara na mpendekezwa atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe. Sina la kuongeza hapa. Katiba yenu itawaongoza.

6. Mjulisheni mhusika kabla ya kutangaza. Mpigieni simu kwanza, kisha mfuatishe barua, na msitangaze popote mpaka ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Katika barua hiyo mwombeni aandike kwa mkono wake jinsi jina lake linavyopaswa kusomeka, herufi kwa herufi, pamoja na cheo anachotaka kitumike. Mtu aliyezaliwa Moshi na kupewa majina matatu hayapangi majina hayo kama fomu za Marekani zinavyotaka, na wapo wenzetu ambao vyeti vyao vya huku vimelifanya jina la babu kuwa ndilo jina lao kuu. Mwacheni mwenyewe aamue.

7. Andikeni tamko la tuzo. Tamko ni maneno yatakayosomwa jukwaani, na mengine machache kati yake yatachongwa kwenye ngao. Liwe na maneno kati ya 150 na 200, lisomwe kwa dakika mbili bila haraka. Tuseme mtunukiwa wenu ni mwalimu. Kamati nyingi huandika: “Ndugu yetu ni kiongozi mwenye maono, mchapakazi na mfano wa kuigwa katika jamii.” Sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa mtu yeyote, kwa hiyo haijamheshimu huyu. Linganisheni na hii: “Kwa miaka kumi na minane, kila Jumamosi asubuhi, aliwafundisha hisabati wanafunzi wa sekondari katika maktaba ya mtaa aliokulia, bila kudai malipo.” Hapa kuna muda, kuna siku, kuna mahali, na mtu aliyeketi nyuma kabisa anamwona mwalimu akifungua mlango wa maktaba. Kila sentensi ya tamko iwe na ushahidi wake katika jalada la kamati, na sentensi isiyo na ushahidi ifutwe hata ikiwa ndiyo tamu kuliko zote.

   Mkitaka kunukuu maneno ya mtunukiwa, yanukuuni kamili au msiyanukuu kabisa. Mfano ninaoutoa kila mwaka ni wa mnara huohuo wa King, ambao ndugu zake wa Alpha Phi Alpha ndio waliousukuma tangu miaka ya 1980 mpaka ukasimama. Katika mahubiri ya tarehe 4 Februari 1968 kanisani Ebenezer, Atlanta, miezi miwili kabla ya kuuawa, King alizungumzia namna ambavyo angependa kukumbukwa, akasema kwamba kama watu watataka kumwita kiongozi wa bendi inayopiga ngoma mbele ya gwaride, basi waseme alikuwa kiongozi wa namna hiyo kwa ajili ya haki, amani na uadilifu. Sharti lile la “kama mtataka kusema” ndilo lililobeba unyenyekevu wote. Kwenye jiwe maneno yalifupishwa, sharti likaondolewa, na ikabaki kauli ya mtu anayejitangaza kwamba alikuwa kiongozi wa ngoma. Mshairi Maya Angelou alilalamika hadharani kwamba ufupisho huo unamfanya King aonekane mwenye majivuno, na mwaka 2013 maandishi hayo yaliondolewa kwenye jiwe na mchongaji yuleyule, Lei Yixin. Ikiwa kazi ya miaka mingi na mamilioni ya dola iliteleza kwa maneno machache yaliyokatwa, tamko lenu la ukurasa mmoja lisomwe na macho mengi kuliko mnavyodhani linahitaji.

8. Agizeni ngao wiki sita kabla ya sherehe. Msimpe mchongaji maneno kwa simu. Mpelekeeni maandishi, awaletee picha ya kazi kabla hajachonga, kisha watu wawili waikague: mmoja asome kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi moja moja, na mwingine afuatilie kwenye ile barua ya mtunukiwa. Nayasema haya kwa uchungu. Katika msimu wangu wa pili tulimtunuku mzee aliyekaribia miaka themanini, na jina lake la kati lilichongwa likiwa limekosa herufi moja. Alipokea ngao, akashukuru kwa sauti ya upole, akarudi kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeketi meza ya jirani, nikaona kidole gumba chake kikipita juu ya shaba, taratibu, kikasimama pale palipokosekana herufi, kikarudi nyuma, kikapita tena. Kisha akaifunika ngao kwa kitambaa cha meza na kuendelea kuzungumza na bintiye. Hakutulaumu, si siku ile wala baadaye. Tulichongesha nyingine, tukampelekea wenyewe nyumbani baada ya wiki tatu, lakini picha zote za familia zilikuwa zimekwisha kupigwa na ile yenye kosa.

9. Nyoosheni hesabu za fedha. Kwa kawaida chama chenyewe husajiliwa kama klabu ya kijamii, na anayekichangia hapati nafuu ya kodi. Nafuu hiyo hupatikana kwa kuchangia wakfu wa chama uliosajiliwa kwa shughuli za elimu au hisani. Msiandike kwenye tiketi kwamba malipo yote yanapunguza kodi. Ikiwa wakfu unauza tiketi ya dola 120 na chakula kina thamani ya dola 50, mchango ni dola 70 tu, na kwa kuwa malipo yamezidi dola 75, wakfu una wajibu wa kumpa mnunuzi maelezo ya maandishi yanayotaja thamani ya kile alichopewa. Anayetoa mchango wa dola 250 au zaidi atahitaji barua ya uthibitisho. Mtunukiwa na mwenzi wake wasilipe hata senti.

10. Siku yenyewe, lindeni muda. Mshereheshaji apewe ratiba yenye dakika. Utaratibu uliotufaa ni huu: makaribisho, dua au sala, chakula, historia fupi ya tawi, tamko, kukabidhi ngao, maneno ya mtunukiwa kwa dakika saba, na wimbo wa chama. Asome tamko mwanafunzi mwenye sauti ya wazi, awe amelisoma kwa sauti mara tano nyumbani. Mambo ya siri ya chama, kama vile ishara za kupeana mikono na maneno ya kiapo, yasiingizwe katika sherehe yenye wageni. Mkitaka sehemu hiyo, ifanyeni asubuhi ndugu wakiwa peke yao. Familia ikae meza ya mbele na majina yao yatajwe. Kagueni ukumbi siku iliyotangulia mkiangalia ngazi za jukwaa, kwa kuwa wengi wa watunukiwa ni wazee, na mzee anayeshikwa mikono na watu wanne kupanda jukwaani amepunguziwa heshima mliyokusudia kumpa.

11. Hifadhini kumbukumbu. Ndani ya wiki mbili, tumeni barua za shukrani, kisha mpeleke nakala ya tamko, picha na kipeperushi cha ratiba kwenye hifadhi ya nyaraka ya maktaba ya chuo. Matawi hubadilisha makatibu kila mwaka na makabrasha hupotea katika kuhamahama, maktaba haihami. Umuhimu wa kazi hii uliwahi kuonekana mapema na Carter G. Woodson, mwanahistoria na mwanachama wa Omega Psi Phi, aliyewahimiza ndugu zake kueneza historia ya watu wao. Mwaka 1924 chama kikaanzisha wiki ya kuadhimisha historia na fasihi, na mwaka 1926 Woodson mwenyewe akaanzisha ile wiki ya Februari ambayo leo ni mwezi mzima.

Ikiwa mtunukiwa ameshafariki

Vyama vingi husema kwamba ndugu aliyefariki ameingia tawi la Omega, herufi ya mwisho ya Kigiriki, na Alpha Phi Alpha haina tawi la walio hai lenye jina hilo. Kwa tuzo ya marehemu, ridhaa iombwe kwa mjane au watoto, tamko wapewe walisome kabla ya sherehe, na muwaulize waziwazi nani atakayepokea ngao. Msiamue wenyewe kwamba ni mtoto wa kwanza.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Mtunukiwa yuko Afrika Mashariki na hawezi kusafiri.* Muunganisheni kwa video, lakini fanyeni hesabu ya saa kwa makini. Mwezi Desemba tofauti kati ya New York na Dar es Salaam ni saa nane. Majira ya kiangazi huwa saa saba, kwa kuwa Wamarekani hubadilisha saa zao mwezi Machi na Novemba, nasi hatubadilishi. Chakula cha saa moja jioni New York ni saa tisa usiku Dar es Salaam, wakati ambao hakuna mzee anayepaswa kuamshwa. Hamishieni sherehe saa nne asubuhi, naye atakuwa sebuleni kwake saa kumi na mbili jioni, pamoja na wajukuu. Mkimwandikia kwa Kiswahili, andikeni saa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, maana “saa 1” kwa mmoja wenu ni saa moja na kwa mwingine ni saa saba. Ngao itumwe mapema na ndugu mmoja aliyeko huko aombwe kumkabidhi.

*Amekataa tuzo.* Mshukuruni, msimshawishi zaidi ya mara moja, na msitaje jina lake popote. Mtu wa pili katika kura asiambiwe kamwe kwamba alikuwa wa pili.

*Wanachama wanalalamika kwamba hajalipa ada kwa miaka mingi.* Rudini kwenye vigezo vya hatua ya kwanza. Kama mliandika kwamba ni lazima awe mwanachama hai, msimwonee haya. Mwambieni mapema naye atalipa au atakataa. Kama hamkuandika, hoja hiyo isubiri mwakani.

*Tuhuma nzito zimeibuka baada ya kutangaza.* Ahirisheni, msifute. Mpigieni mhusika simu siku hiyohiyo, mkabidhi suala kwa uongozi wa tawi na makao makuu, na kamati isitoe maelezo yoyote kwa umma.

*Ratiba imevunjika na umebakiwa na dakika ishirini ukumbi ufungwe.* Katisha hotuba za viongozi, historia ya tawi na hata wimbo. Tamko lisomwe lote, kwa mwendo uleule, bila kurukwa sentensi hata moja, kisha mpe mtunukiwa kipaza sauti.